Maji ya Jiwe Kavu

Kabla sijawaeleza lolote, vijana, niwapunguzie ndoto. Katika miaka yote niliyofanya kazi ya nyota, sikupata kuchungulia ndani ya darubini hata mara moja. Nilikaa mchana kutwa mbele ya kompyuta nikitazama safu za namba, kama karani wa bandari, mpaka macho yakakauka na daktari akanishauri nistaafu kabla ya umri wangu. Nyota niliyoishughulikia kwa muda mrefu kuliko nyingine zote haionekani kwa macho matupu. Mkinitaka niwaonyeshe ilipo, nitawaonyesha kidole changu na giza.

Naanza na hilo kwa sababu kila Shaabani ikikaribia kwisha, majirani zangu hapa Langoni, kisiwani Amu, hunijia kuniuliza habari za mwandamo. Mimi si mtu wa nyota? Basi niwaambie, wafunge kesho au wasifunge? Huwajibu wapande darini watazame wenyewe, kwani maisha yangu yote nimeshughulika na visivyoonekana. Hawaridhiki. Jirani mmoja aliwaambia wenzake, nami nikisikia, kwamba hao walionisomesha walikula hasara. Mtu aliyekwenda ng'ambo kusomea mbingu, akarudi hawezi kuwaambia watu wake mwezi umeandama, ana deni la maelezo, na haya ninayoandika ni sehemu ya kulilipa.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kuna nyota ndogo, nyekundu, zisizo na joto kali kama la jua letu. Ndizo nyingi kuliko zote mbinguni. Baadhi yake zina sayari za mawe, ukubwa wake ukikaribia wa dunia yetu, nazo huzunguka karibu mno na nyota yao hata mwaka wao ukawa siku chache tu za kwetu. Sayari inapopita mbele ya nyota yake, nuru inayotufikia hupungua kidogo. Ikiwa sayari hiyo ina hewa, basi sehemu ndogo sana ya nuru hupenya kwenye ukingo wa hewa ile kabla ya kuja kwetu, na kila aina ya hewa hula rangi zake. Mvuke wa maji hula hizi, hewa ya ukaa hula zile. Sisi kazi yetu ilikuwa kutazama ni rangi zipi zimeliwa, kisha kumtaja mlaji.

Mtaniuliza, kwa nini nyota ndogo? Kwa sababu jiwe dogo likipita mbele ya nyota kubwa ni nzi aliyepita mbele ya taa ya mnara wa meli, nani atamwona? Jiwe lile lile mbele ya nyota ndogo ni nzi mbele ya taa ya chemni. Lakini nyota hizi zina hasira. Hulipuka mara kwa mara, na zinapokuwa changa huzitemea moto sayari zao kwa muda mrefu sana, hata inahofiwa kwamba zimekwisha kuzivua hewa zote. Wasiwasi wa kazi yetu ulikaa hapo. Tulitumia maisha yetu kutafuta pumzi mahali ambapo yumkini haipo, na hatukuwa na njia ya kujua ila kuendelea kutafuta.

Mwalimu wangu wa kwanza kule ng'ambo alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye sauti ndogo, ambaye sisi wanafunzi tulimwita Bibi Hapana. Ukimpelekea matokeo, hakuyatazama kwanza. Aliuliza, "Nini kingine?" Maana yake: ni kitu gani kingine, mbali na hicho unachokitamani, kingeweza kuleta matokeo haya haya? Ukimtajia kimoja, aliuliza tena. Ukimtajia cha pili, alikwambia urudi ukiwa na cha tatu. Tulimsema vibaya sana kantini. Siku moja alipita nyuma yetu tukimwiga, mwenzetu mmoja akiwa amejifunga kanga kichwani kama shungi lake la baridi. Akasimama, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza kama tuna hakika kwamba huyo tuliyekuwa tukimwiga ni yeye, au ni mtu mwingine aliyefanana naye. Hatukujua tucheke au tukimbie.

Alikuwa na haki ya kutubana. Zamani zile tulitumia darubini zilizo juu ya milima, na baina ya darubini na nyota ilikuwapo hewa yetu wenyewe, yenye mvuke wake. Mtafiti mmoja mwenye heshima zake alitangaza mvuke wa maji kwenye sayari ya mbali, akapigiwa makofi. Baadaye ikabainika kwamba maji aliyoyapata yalikuwa ya wingu lililopita juu ya mlima ule ule aliosimama. Ikaja darubini iliyopelekwa angani, mbali na hewa ya dunia, nasi tukadhani tumesalimika.

Hatukusalimika. Tuliondoa wingu letu, tukabaki na nyota. Nyota ndogo nyekundu ina madoa usoni, na madoa hayo ni baridi kiasi cha kuwa na mvuke wa maji ndani yake. Ndiyo, vijana, nyota yenye mvuke wa maji. Nami nilipoambiwa mara ya kwanza sikuamini. Kwa hiyo rangi za maji zikikosekana katika nuru, waweza kumshuku mmoja kati ya wawili: hewa ya sayari, au madoa ya nyota yenyewe. Wawili hao hula kwa namna inayokaribiana mno. Watu wenye akili kunizidi wamepotea katika njia panda hiyo, na wengine wamo humo mpaka leo.

Sasa nije kwa Athman.

Athman ni kijana wa Pate, kwao ni karibu na gati la Mtangawanda, ambako baba yake, Bwana Shee, ana duka. Nilimsimamia masomo yake tangu alipoanza, na alipopata nafasi katika kundi letu la utafiti nilikuwa mimi niliyemtolea ushahidi wa tabia. Mtulivu, msomaji mzuri wa Kurani, haraka hana. Miaka yangu ya mwisho kazini nilipewa ruhusa kufanyia kazi hapa Amu, kwa intaneti inayokuja na kuondoka ipendavyo, na Athman naye akawa mara huko mara huku. Ndiye aliyepewa nyota yetu ile, yenye sayari kadhaa za mawe. Katika moja yao, ile iliyo nje kidogo, mahali ambapo joto si kali wala baridi si kali, aliona rangi za maji zimekosekana.

Alinipigia simu kunieleza, kwa adabu na kwa sauti ya kawaida. Kisha akampigia baba yake. Hilo simlaumu, ni mtoto gani atakayeona jambo kama lile asimwambie mzazi wake? Lakini mzazi wake ana duka gatini, na kila abiria anayeshuka Mtangawanda hupita mbele ya duka lile. Alimwambia baba yake kwamba huenda kuna mvuke wa maji, bado anachunguza. Bwana Shee akawaambia abiria kwamba mwanawe ameona maji. Walioipokea wakaituma kwa simu zao. Ilipofika Faza, yalikuwa ni bahari. Ilipofika Kiunga, bahari ile tayari ilikuwa na samaki.

Mnaniona mkali ninapowakataza kutuma habari kabla hamjailaza usiku mmoja. Ukali wangu nimeupata hapo.

Athman alifadhaika, akajaribu kuirudisha habari, lakini habari hairudi. Wakati huo huo mkuu wa kundi letu kule ng'ambo naye alikuwa na haraka yake. Alitaka tutangaze. Mkataba wa Athman ulikuwa ukingoni, na mkuu hakuficha kwamba tangazo kama lile lingemwekea kijana huyu njia. Nilimwomba asubiri uchunguzi mmoja tu. Alikubali kwa kinyongo.

Uchunguzi wenyewe naueleza polepole, kwa kuwa ndio shina la habari hii. Nyota ile ina sayari nyingine, ya ndani kabisa, iliyobanana na nyota yake. Hiyo tulikwisha kuipima joto. Jiwe lenye hewa husambaza joto, upande wa mchana ukaugawia upande wa usiku. Jiwe lisilo na hewa huungua upande mmoja tu, bila msaada. Ile ya ndani ilikuwa ikiungua peke yake. Tulijua basi kwamba ni jiwe tupu, kavu, halina hewa wala mvuke. Na mara chache hutokea kwamba jiwe kavu lile na sayari ya Athman hupita mbele ya nyota siku moja, moja ikiifuata nyingine, madoa ya nyota yakiwa bado ni yale yale. Ikiwa jiwe kavu litapita na rangi za maji zisikosekane, basi maji ni ya sayari ya Athman kweli. Lakini jiwe kavu nalo likionyesha maji, maji hayo hayawezi kuwa yake, maana halina pa kuyaweka. Yatakuwa ya nyota, na ya Athman yatakuwa ya nyota vile vile.

Kabla data haijafika tuliwekeana masharti. Mimi ningefanya hesabu zangu Amu, yeye za kwake Pate, na hakuna atakayemwambia mwenzake, si kwa neno wala kwa ishara, mpaka wote wawili tumemaliza na tumekutana ana kwa ana. Na kwa kuwa nyota hizi hulipuka, tulipatana mapema kabisa jinsi tutakavyokata sehemu iliyoharibiwa na mlipuko: tungekata pale ambapo mwanga wa nyota umerudi kwenye kiwango chake, basi, na tungeamua hivyo kabla hatujazitazama rangi. Yashikeni haya mkishika kazi yoyote ya kupima. Amua utakavyokata kabla hujaona kisu kitakupa nini.

Data ikaja, na nyota ilikuwa imelipuka. Ililipuka katikati, jiwe kavu likiwa ndiyo kwanza linatoka mbele yake.

Nilikata tulipopatana. Nikafanya hesabu. Jiwe kavu lilikuwa na maji.

Nikarudia kwa njia nyingine nikapata hayo hayo. Kisha, nilipokwisha kuyafunga matokeo yangu nisiweze kuyabadili, nikajaribu jambo moja ili nijue mlango wa hatari una upana gani. Nilikata kipande kirefu zaidi baada ya mlipuko, kirefu kiasi ambacho mtu angeweza kukitetea mbele ya watu kwa maneno mazuri kwamba ni tahadhari. Jiwe kavu likawa kavu tena, na maji ya Athman yakasalimika.

Tangu hapo sikupata utulivu. Mlango ulikuwa wazi, na upande wa pili wa mlango ule alikuwa kijana aliyezungukwa na bahari yenye samaki, mkataba unaokwisha na baba aliyekwisha kualika watu. Ndiyo, Bwana Shee alikuwa amealika watu. Aliandaa maulidi ya shukrani nyumbani kwake, akawaita ndugu kutoka Siyu na Faza, na mimi nikaalikwa kwa heshima zote. Athman alinitumia ujumbe mfupi: amemaliza hesabu zake, tuonane siku ya maulidi. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi nikitafuta ndani yake furaha au huzuni, na kila nilipousoma niliona kile nilichokihofia. Nilitamani kumpigia simu. Nilishika simu, nikaiweka. Ningemwambia niliyoyapata, nisingejua kamwe kama yeye angeyapata peke yake. Hata yeye asingejua.

Niliabiri boti ya Mtangawanda asubuhi. Mlango wa Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, haupitiki mpaka maji yajae, kwa hiyo tukangoja, na abiria wasio na la kufanya wakawa wananitazama mimi. Mama mmoja aliyekuwa na mikeka ya Kipungani miguuni pake akaniuliza kama ni kweli naenda kwenye maulidi ya maji. Nikasema naenda kwenye maulidi ya Mtume. Akasema hilo alilijua. Lakini yale maji je?

"Mai ya mfereji hatunayo," akasema kijana mmoja aliyeketi ukingoni, "Athman katwandikia ya mbinguni."

"Na yaletwa lini?" nahodha akauliza bila kugeuka.

"Ngojani bomba lifike. Si mumezowea kungoja?"

Wote wakacheka, nami nikatabasamu kwa sababu ilinilazimu. Mzaha ule ulikuwa na haki yake, kwa maana Pate wanakunywa ya visima vyenye chumvi na ya mvua iliyowekwa. Lakini kila aliyecheka alikuwa amekwisha kuamini. Nilihesabu moyoni ni watu wangapi ndani ya boti ile tungewavunja moyo, kisha nikaacha, maana ilikuwa ni boti nzima. Na tena nikawaza lililo baya zaidi: vipi ikiwa hatutawavunja moyo? Vipi kama Athman amekata kirefu, atanipokea akitabasamu, na mimi ndiye nitakayelazimika kusimama baina yake na baba yake?

Tuliposhuka, Bwana Shee alikuwa gatini mwenyewe, kanzu nyeupe, duka limefungwa. Alinikaribisha kwa maneno marefu na kuniuliza kama safari yangu ilikuwa njema. Sikuweza kumtazama usoni kwa muda.

Nyumbani, mkewe, Bi Mwanaesha, alikuwa uani akifukiza mitungi. Ninyi mliozaliwa na friji huenda hamkuona: mtungi huinamishwa juu ya chetezo chenye makaa na ubani, moshi ukaingia, kisha ndipo maji humiminwa, na mgeni anayekunywa huyakuta yana harufu. Wanawake wengine walikuwa wakipepeta mchele. Niliketi nao. Athman alikuja, akasimama kwenye kizingiti cha ukumbi kama ilivyo adabu, akanisalimu kwa kuinama. Amekonda. Nikamwambia mama yake kwamba tuna neno la kazi, naye akasema tulizungumze hapo hapo, yeye hasikii nyota.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Nimemaliza, Bi Swafiya."

"Basi anza wewe."

Moshi wa ubani ulikuwa ukipita baina yetu. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mama yake aliisikia akaacha kazi:

"Lile jiwe kavu nalo lina mai."

Sikujiruhusu kufurahi. "Umekata wapi?"

"Tulipopatana."

"Uliona kwamba ukikata mbele zaidi—"

"Niliona," akasema. "Niliona siku ya kwanza. Nilitoka nje nikatembea mpaka gatini nikarudi. Nilipatana na wewe, Bi. Nikakata tulipopatana."

Nimepokea habari nyingi katika maisha yangu ya kazi, zikiwamo za kusifiwa. Hakuna niliyoipokea kwa shukrani kama ile, na ilikuwa ni habari ya kushindwa.

Bwana Shee alikuwa ameingia nyuma ya mwanawe bila sisi kumwona, na alilisikia lile neno la jiwe kavu kuwa na maji. Uso ukamng'aa. Akasema basi sasa zimekuwa sayari mbili zenye maji, alhamdulillahi, na angaliambiwa mapema angalichinja mbuzi wa pili.

Hakuna aliyecheka. Athman alimgeukia, akamshika mkono, akamketisha kwenye kibago. Nilitaka kumsaidia maneno, nikajizuia. Ilikuwa zamu yake.

"Baba," akasema, "kisima chetu kina harufu ya ubani?"

"Kisima? Kisima kina chumvi."

"Na mgeni akinywa leo hapa, atasema mai yetu yanukia nini?"

"Ubani. Mamako si huyo afukiza."

"Mgeni asiyejua kwamba mtungi umefukizwa, atasema kisima cha Bwana Shee kina ubani. Atatoka atangaze. Sasa mimi nimechota kwa mtungi ule ule katika kisima ambacho nakijua hakina kitu, kisima kikavu, nikapata harufu ile ile. Ile nyota ndiyo mtungi, Baba. Harufu ilikuwa ya mtungi."

Bwana Shee alitazama mitungi iliyopangwa ukutani. Mkewe akasogeza chetezo kando.

"Kwa hiyo hakuna mai," akasema.

"Siyui. Yaweza kuwapo, yaweza kuwa hakuna hata hewa. Ninalojua ni kwamba niliyoyaona hayakuwa yake."

"Na watu nimewaita."

"Umewaita kwenye maulidi," Bi Mwanaesha akasema. "Maulidi yasomwa kwa ajili ya Mtume, hayasomwi kwa ajili ya sayari. Wali utaliwa. Hilo la nyota, aliyelisema alisemue."

Nilidhani anamkusudia mwanawe. Bwana Shee alijua ni nani aliyekusudiwa. Akainuka, akaenda kutawadha.

Athman aliniomba hesabu zangu na ruhusa ya kwenda gatini, kwa kuwa pale kwao mtandao haukamati. Nilijua anakwenda kufanya nini. Alimwandikia mkuu wa kundi kwamba matokeo yamekataa, akaambatanisha hesabu zake na zangu, naye akayatuma kabla ya kurudi nyumbani, ili asipate nafasi ya kuyafikiria upya mbele ya watu. Alirudi ameloa jasho.

Maulidi yalisomwa baada ya Alasiri. Sisi wanawake tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, na nilisikia sauti ya Athman ikipanda katika kasida pamoja na wenzake, thabiti, nami nikashangaa anaitoa wapi. Marashi yalinyunyizwa, dua ikaombwa. Ndipo nikasikia mtu akikohoa, na ukimya wa watu wanaongoja tangazo. Aliyekuwa amesimama ni Bwana Shee.

Hakusema maneno mengi. Alisema kwamba mwanawe alimwambia huenda, naye aliliacha lile huenda dukani akatoka na maneno yaliyobaki. Alisema mwanawe amepima tena akaona si kweli, na kwamba ambaye amemtumia mwenziwe habari ile amtumie na hii. Akaketi.

Upande wa wanaume ulipita mnong'ono. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, na hakuwa akidhihaki, kama basi kule kuna pumzi au hakuna. Nilimsikia Athman akijibu peke yake, neno lile lile alilomjibu baba yake: "Siyui." Kisha mama aliyekuwa kando yangu akanipa kikombe cha maji. Nilikunywa. Yalinukia ubani, kama nilivyojua yatanukia.

Nisiwadanganye kwamba ukweli ulimlipa Athman papo hapo. Mkataba wake ulikwisha na haukuongezwa. Alifundisha hesabu shuleni kwa muda, na katika boti za Mtangawanda aliitwa majina. Habari ya kukanusha haikufika Kiunga. Nasikia huko samaki wangali wanaogelea. Baadaye kundi jingine lilisoma maelezo yetu juu ya jiwe kavu, likamwita kazini kwa sababu hiyo. Mpaka leo watu wachache hukubali kutangaza kile ambacho hawakukipata, na wanaojua kukitangaza vizuri ni wachache zaidi.

Hivi niandikavyo, darubini ingali ikiigeukia nyota ile kila inapopewa nafasi, na jambo bado halijaamuliwa. Huenda sayari ya Athman ina hewa nyembamba. Huenda ilivuliwa zamani, kabla dunia yetu haijapoa. Nikiamka asubuhi hilo ndilo la kwanza linalonijia, na sioni aibu kusema kwamba hunitia hofu: mbingu zote hizi, nyota nyingi kupita hesabu, na huenda katika zile zilizo nyingi zaidi hakuna jiwe hata moja lililobakiwa na pumzi. Wala sina ruhusa ya kuifupisha hofu hiyo kwa jibu nisilokuwa nalo.

Athman hunitumia data, ingawa nimestaafu na macho yangu ni haya. Mimi hufanya zangu, yeye hufanya zake, na hatuambiani mpaka tumekutana. Tunakutana kwao. Kila ninaposhuka gatini, Bwana Shee hutoka dukani kunipokea, na kabla hajaniuliza safari wala afya yangu, huinamisha kichwa karibu nami ili abiria wasisikie.

"Mara hii, Bi Swafiya," huuliza, "ni ya kisima, au ni ya mtungi?"

Nami, tukiwa bado hatujakutana mimi na mwanawe, humpita nikaelekea nyumbani kwake bila kumjibu, naye hunifuata nyuma na begi langu, kimya, hajamwambia mtu.